Shanga ya Kumi

Shufaa alinishika mkono nikiwa nimeshatoa shanga mkobani.

"Somo, leo usiongeze," alisema. "Nimekuita uzikate."

Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimekuja kwa shangwe, nimejifunga doti mpya ya kanga, nina udi na kilo nzima ya halua kutoka Tanga mjini, maana kuongeza shanga si shughuli ya kwenda mikono mitupu. Huyu ni mwari wangu. Nilimfunda mwenyewe, na siku ya harusi yake miaka sita iliyopita nikamfunga uzi wa kwanza kiunoni. Tangu hapo, kila kiuno kilipojaa, nimemwongeza shanga, mpaka sasa tisa. Katika wari wote niliowafunda hapa Muheza hakuna aliyenawiri upesi hivyo, na mimi, Sikudhani binti Mbelwa, sijawahi kuona haya kujisifu. Makungwi wenzangu walishachoka kulisikia jina lake.

"Nizikate kwa kosa gani?" nikamuuliza.

"Akida ana mtu."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Lakini miezi kumi na minne hajanigusa, Somo. Mwanaume wa miaka thelathini na tisa. Unataka nimfumanie wapi ndipo niamini?"

Niliketi kitandani. Mke akitaka shanga zikatwe, kungwi aliyezifunga ndiye anayezikata, na zikishakatwa basi, talaka imeandikwa. Lakini kabla hajashika mkasi ni lazima amuulize Msiri, mashine ya chumbani. Nikakigeukia kijaluba cha fedha juu ya kabati. Humo ndimo habari zote zinamoingia. Shanga za mke zinasoma joto, jasho na mwendo wa damu, na pete ya mume inasoma ya mume, usiku na mchana. Kila mmoja akiuliza anajibiwa ya kwake tu. Mke hasikii ya mume wala mume hasikii ya mke, na ndiyo maana watu wakakubali kulala nacho chumba kimoja.

"Msiri, nyumba hii ina hali gani?" nikauliza.

"Nyumba imenawiri, alhamdulillahi," kijaluba kikajibu. "Hamna neno."

Ilikuwa sauti yangu. Mainjinia wa Tanga walipokitengeneza walikwenda kwa makungwi saba wa mkoa mzima, wakachukua mafunzo yetu na sauti zetu, na huku Muheza kinasema kwa sauti yangu mimi. Siku zote nilikuwa naona fahari kuisikia. Siku hiyo Shufaa alicheka, na kicheko chenyewe hakikunipendeza.

"Nakiuliza kila siku, na kila siku kinanijibu hivyo hivyo," alisema. "Hedhi sijaiona tangu mfungo. Hata kabla ya hapo ilikuwa inakuja ikijisikia. Kidevuni naota nywele, naamka mapema nazinyoa. Na zile siku za mwisho alizonijia, nilikuwa mkavu, naumia, nang'ata meno nisimkere. Nakiuliza kijaluba, naambiwa nimenawiri. Kwa sauti yako, Somo."

"Mbona hukuja kwangu?"

"Nije kwako kufanya nini? Si wewe mwenyewe unayenijibu?"

Akafuta macho kwa upindo wa kanga. Kanga hiyo aliibuni mwenyewe, kazi yake ni kuchora na kuchapa kanga kwa mtambo uliopo sebuleni. "Amenichoka mwili," akaendelea. "Anaona vibaya hata kunitazama. Analala sebuleni, eti kukoroma kwake kutanikosesha usingizi. Na mama yake ameshamtafutia mwingine huko Pongwe, kimbaumbau. Jumatatu asubuhi uje na mkasi. Nimeshamwambia, na amekubali bila kubisha. Ungekuwa unapendwa, ungekubaliwa upesi hivyo?"

Halua nilirudi nayo nyumbani.

*

Jumapili nilipanda treni ya asubuhi hadi Tanga, nikaenda Jumba la Msiri. Injinia Semboja, mwanamke wa makamo anayesema polepole, alikuwa zamu. Tunajuana tangu siku za kurekodi.

"Shikamoo, Bi. Sikudhani."

"Marahaba. Nataka kujua kwa nini kijaluba chenu kinamdanganya mwari wangu."

Hakubisha. Akanivutia kiti, akafungua habari za nyumba ya Shufaa kwenye kioo kikubwa cha mezani. Akasoma kimya. Nikaona uso unambadilika.

"Nyumba hii imepiga kengele mara mia mbili na kumi na moja," alisema.

"Kengele gani? Hakuna aliyeisikia."

"Kengele ya hatari. Ilizimwa kabla haijatoka."

"Na nani?"

Akasita. "Na wewe, mama."

Kisha akanisikilizisha. Ilikuwa sauti yangu ya miaka tisa nyuma, imejaa majivuno. "Somo la tano. Mke akinenepa na mume akinenepa, jua chumbani kuna raha. Waacheni, msiwatie maneno. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa hivyo, tulinawiri pamoja mpaka tukawa tunaonewa wivu."

"Makungwi sita wengine nao walisema kunenepa ni raha," Semboja akanieleza, "lakini walisema kwa mdomo tu. Mashine inataka mfano, na wewe ndiye uliyetoa mfano wa nyumba yako. Ikajifunza kwamba mke na mume wakiongezeka pamoja, malalamiko mengine yote ni madogo. Ikawa inayameza."

Nikamwambia anieleze Shufaa na mumewe wana nini.

"Ya mke unaruhusiwa kuyaona. Ya mume hapana. Wewe ni kungwi wa mke." Alitazama mlangoni, kisha akakigeuza kioo upande wangu. "Hukuona kitu."

"Sikuona kitu."

"Mafuta ya tumboni si mzigo wa kubeba tu, mama. Yanafanya kazi mchana na usiku. Kwa mwanaume yanaichukua homoni ya kiume na kuigeuza ya kike, kidogo kidogo, na hamu inapungua. Sukari inapanda, mishipa inakakamaa, damu haifiki inakotakiwa. Usingizini pumzi inakatika, anaamka amechoka kuliko alivyolala. Kwa mwanamke, insulini ikizidi mayai hayakomai, hedhi inapotea, nywele zinaota pasipo pake, mwili unakosa hamu na unyevu. Si kila mnene anapata haya, na wembamba nao huyapata. Lakini hawa wawili wamepata. Tazama."

Nilitazama. Mistari miwili, wa pete na wa shanga, ilikuwa inashuka pamoja mwaka baada ya mwaka. Huku mimi nikiongeza shanga na kupiga vigelegele.

"Kwa hiyo Akida hana mwanamke," nikasema.

"Hawezi kuwa naye hata akitaka. Mwili wake haujaitikia tangu mwaka jana mwanzoni."

"Inatibika?"

"Sehemu kubwa. Mtu wa kilo mia moja akipungua kilo saba au nane tu, mambo huanza kubadilika, na dawa zipo. Si hilo linalonitisha." Akaweka kidole kwenye mstari wa pete. "Mishipa ya huko kwa mwanaume ni myembamba kuliko ya moyo. Ikianza kuziba, mara nyingi huziba huko kwanza. Inapita miaka miwili, mitatu, halafu ni zamu ya moyo. Huyu anahitaji daktari wiki hii."

"Basi washa kengele."

"Siwezi peke yangu. Kulifuta somo ni mpaka baraza la makungwi na madaktari likae. Na kanuni zetu zinataka siku arobaini."

"Nazikata kesho, Semboja. Akishaachwa atahamia kwa mama yake, pete atavua, na hatakwenda kwa daktari yeyote. Nikimwambia mkewe je?"

"Utakuwa umetoa siri ya mume. Nyumba elfu arobaini na moja zinalala na kijaluba hiki kwa sababu hakijawahi kuvuja hata mara moja. Kikivuja Muheza, kesho yake zitatupwa pete na shanga mkoa mzima, na wale kinaowasaidia nao watakosa."

"Nikimwambia mwenyewe?"

"Utamwambia nini? Kwamba mwanamke aliyemfunda mkewe ameusoma mwili wake? Huyo ataaga dunia kwa aibu kabla ya moyo. Kungwi wa waume angekuwepo tungemtuma, lakini tangu afariki nafasi yake haijajazwa." Akazima kioo. "Mimi nitafukuzwa kazi, hilo si kitu. Wewe mfikirie yeye."

Nikarudi Muheza nikiwa nimekunja mikono kifuani njia nzima. Nikinyamaza, nakata ndoa ya watu wanaopendana na kumwacha mtu aende na moyo mbovu. Nikisema, nazika jina lake, na pengine la kijaluba chenyewe. Na kosa ni langu. Nilitamani liwe la mtu mwingine, nikamtafuta, sikumpata.

*

Jumatatu saa mbili asubuhi Akida ndiye aliyenifungulia mlango. Amevaa kanzu iliyopigwa pasi, ndevu amechonga, utadhani anakwenda kuposa. Ni mtu mkubwa, sura nzuri, sauti ndogo. Kazi yake ni kusimamia mitambo ya kuchuma machungwa. Anakaa kwenye kiti kibandani, shamba zima linachumwa, yeye hainuki mpaka jioni. Kutoka mlangoni hadi sebuleni tu alikuwa anahema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama," alisema, na macho yake yakaangukia mkasi mkononi mwangu.

Shufaa alikuwa amekaa kwenye mkeka, masanduku mawili yamesimama nyuma yake. Uso ulikuwa umevimba kwa kulia. Akida akakaa kiti cha mbali kabisa, karibu na mtambo wa kuchapia kanga, akaishika pete yake na kuizungusha.

Kabla ya kukata, kungwi husema neno la mwisho, na desturi yetu ni kwamba hakatizwi. Kwa kawaida ni maneno ya kuwaombea heri, dakika mbili yamekwisha. Nikaweka mkasi mapajani.

"Neno la leo si lenu," nikaanza. "Ni langu. Nyinyi nisikilizeni tu. Mume wangu aliitwa Kibwana, alikuwa karani wa stesheni. Tulinenepa pamoja, na watu wakatusifu, na mimi nikasifika. Kisha akaacha kunijia. Akahamia kwenye kochi, akasema chumbani kuna joto. Nikajua ana mtu. Siku moja nikamfuata, nikajifunika ushungi mpaka machoni, nikasema leo nitamkamata."

Shufaa aliinua kichwa.

"Nilimkuta stesheni, amekaa peke yake kwenye benchi. Treni ya mwisho ilishapita. Hakuwa na mtu. Alikuwa anasubiri nilale ndipo arudi nyumbani. Nikageuka, nikarudi, nikajifunika shuka, nikajifanya nimelala. Sikumuuliza lolote. Kungwi mzima, ninawafunda wenzangu mambo ya chumbani, na changu kimepoa. Ningeiweka wapi sura yangu? Baada ya miaka miwili Kibwana alianguka palepale stesheni. Moyo. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Daktari akaniuliza kama alikuwa na shida ya kiume, akasema mara nyingi hiyo ndiyo hodi ya kwanza ya moyo. Nikamwambia hakuwa na shida yoyote."

Nilimgeukia Shufaa, nikaendelea.

"Kisha wakaja hawa wa Msiri wakaniuliza, nyumba yenye raha inajulikana kwa nini. Nikawaambia inajulikana kwa kunenepa, mfano ni yangu. Niliwadanganya. Kijaluba kile kimejifunza uongo wangu, na kila mnapokiuliza kinawajibu uongo wangu, kwa sauti yangu. Shufaa, ulipokuja kuumwa, mimi ndiye niliyekwambia umenawiri. Nimeliona jana kwenye mafunzo yangu mwenyewe. Sijui kama ndoa hii itapona, lakini sitaki muachane kwa kuniamini mimi."

"Na ulijua, Somo?" Shufaa akauliza, akivunja desturi. "Ulijua kuwa mumeo anaumwa?"

"Sikujua," nikasema.

Akida alikuwa ameinamia mikono yake.

"Yule mzee wa benchi," alisema mwishowe. "Alikuwa anasubiri ulale."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nakaa kibandani kwenye machungwa. Mitambo nimeshaizima, kazi imekwisha, nimekaa tu." Akamgeukia mkewe, na nikaona alivyokuwa anajilazimisha. "Sina mtu, Shufaa. Sijawahi kuwa na mtu. Siwezi. Mwili umegoma. Nimekunywa kila dawa ya kichochoroni, umegoma. Nikaona bora unione mbaya kuliko unione si mwanaume."

Nilitegemea Shufaa atamwonea huruma. Alikasirika, na alikuwa na haki.

"Miezi kumi na minne," alisema. "Miezi kumi na minne umeniacha nijione takataka ndani ya nyumba yangu, kwa ajili ya hilo? Mimi najifungia chooni nanyoa ndevu, Akida."

"Ndevu?"

"Ndevu. Na hedhi sina. Nikasema ameona, ananichukia, ana haki."

"Nilidhani unajifungia unalia," Akida akasema.

"Nilikuwa nalia pia."

Akida alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mabega yake makubwa yakawa yanapanda na kushuka. Shufaa akainuka pale mkekani, taratibu, akaenda akasimama kando ya kiti chake. Hakumkumbatia. Alimwekea mkono kichwani, akauacha hapo.

"Mkagombane njiani," nikasema. "Sasa hivi tunakwenda hospitali, wote wawili. Mume wangu hakwenda."

*

Daktari aliwaweka hadi alasiri. Presha ya Akida ilikuwa juu, sukari juu, na mshipa mmoja wa moyo umeanza kubana. Hakumficha, alimwambia kwamba mwaka mwingine wa kunyamaza huenda asingekuwa nao. Akampa dawa, na mashine ya kupumulia usingizini, na amri ya kutembea shambani kwa miguu yake kabla ya kuwasha mitambo. Shufaa alipewa dawa ya kurekebisha homoni na ya kumwondolea maumivu. Kilichonifurahisha ni kwamba yule daktari hakuwagombeza. Aliwaambia unene si tabia mbaya, ni mwili ulioelemewa, na mwili ulioelemewa husaidiwa, hautukanwi. Akida aliyasikiliza maneno hayo kwa makini kuliko maelezo ya dawa.

Masanduku yalirudi chumbani, ingawa Akida aliendelea kulala sebuleni wiki tatu zaidi. "Sijamsamehe," Shufaa aliniambia, "ila nimemzoea tena." Wakawa wanatembea pamoja alfajiri kwenye mistari ya michungwa, na nilisikia kwa majirani kwamba wanabishana huko mpaka ndege wanaruka. Nilishukuru Mungu kwa mabishano hayo.

Siku niliyokwenda kumlegezea uzi uliombana, maana shanga zilibaki pale pale na hazikukatwa, aliniuliza, "Somo, wenzangu wako wangapi wanaojibiwa kwa sauti yako?"

Nilikwenda Tanga siku iliyofuata.

Siku arobaini zilikuwa zimepita na baraza limekwishakaa. Walilifuta somo la tano na kuniomba niliseme upya, na makungwi wawili niliokuwa najisifu mbele yao walikuwepo chumbani wanasikiliza. Nilikaa mbele ya kinasa sauti nikasimulia yote, kunenepa, kochi, benchi la stesheni, moyo. Injinia Semboja alikuwa anaandika. Nilipomaliza hakuzima.

"Bado swali moja, mama," alisema. "Mashine inahitaji kujua iamke lini. Pete inaweza kukosea. Binadamu wa karibu ndiye huona mapema. Mzee Kibwana mwenyewe aliwahi kukwambia lolote?"

Wale makungwi wawili walinitazama. Ningeweza kusema hapana. Shufaa nilishamwambia hapana, na kila mtu alikuwa radhi kuniamini.

"Aliniambia," nikasema. "Ilikuwa alfajiri, kabla hajahamia kwenye kochi. Alinishika mkono, akaniambia, 'Siku, mwili wangu haunisikii, nisaidie.' Nikautoa mkono wangu. Nikamwambia asiniletee maneno hayo tena, na hakuyaleta."